Amana ya Siri za Watu

Hotuba ya kwanza

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichikana, ambaye halimpotei neno lililosemwa wala lililonyamaziwa. Tunamhimidi, tunamtaka msaada na tunamwomba maghufira. Tunashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia ya kwamba Muhammad ni mja wake na Mtume wake, aliyeitwa Mwaminifu na watu wake hata kabla hajapewa Utume. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunakuusieni pamoja na kuziusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu, kwani hiyo ndiyo akiba isiyoibiwa wala kuliwa na mchwa.

Ndugu Waislamu, maneno yetu ya leo ni juu ya amana. Wengi wetu tulisikiapo neno hili fikra zetu hukimbilia fedha, au mbuzi aliyeachwa kwa jirani, au gunia la maharage lililowekwa katika ghala ya mwenzetu hapa Kasulu mpaka bei ipande. Hizo ni amana bila ya shaka. Lakini iko amana nyingine ambayo haina uzito mkononi, haili majani wala haijazi ghala, nayo ikipotea humwumiza mwenyewe kuliko kupotea kwa mbuzi kumi. Amana hiyo ni habari za mtu: jina lake na nasaba yake, deni lake, maradhi yake, mahali alikotoka, sura yake na alama za vidole vyake.

Jambo lililotufanya tuyachague maneno haya ni kosa letu wenyewe, wala hatuoni haya kulitaja juu ya mimbari, kwani mwenye kuficha kosa lake huwafundisha wengine walirudie. Katika chuo kimoja tunachokisimamia huku Kibondo tulikuwa na daftari la wanafunzi. Miaka mingi daftari lile lilikaa ndani ya sanduku, na ufunguo ulikuwa kwa mwalimu. Akatokea kijana mwenye bidii, akatushauri liingizwe katika simu na kuhifadhiwe nakala mtandaoni, ili mvua na mchwa wasiliharibu. Tukamshukuru, na shauri lake lilikuwa jema. Kisha siku moja orodha ile ikatumwa katika kundi la wazazi la simu, kwa nia ya kuwakumbusha ada. Ikaenda nzima nzima: jina la mtoto, jina la mzazi, deni lililobaki, na pale pembeni, yale maneno ambayo mwalimu aliyaandika kwa ajili ya macho yake peke yake. Huyu ni yatima. Huyu baba yake ana maradhi fulani. Hawa walitoka ng'ambo ya mpaka.

Baina ya Adhuhuri na Magharibi orodha ile ilikuwa imekwisha fika sokoni. Mama mmoja mjane akamwondoa mwanawe chuoni. Tulipomwendea kumtaka radhi, alitukaribisha, akatupa viti, kisha akatujibu kwa upole: "Shehe, deni nitalilipa nikivuna maharage. Lakini lile mliloliandika pembeni, mtalifuta katika simu za nani?"

Ndugu zangu, tulirudi bila ya jawabu. Na swali la mama yule ndilo tunalokuleteeni leo.

Yatupasa kwanza tufahamu ni wapi huko tunakokuita mtandaoni. Mtu huambiwa kwamba picha zake na maandishi yake yamewekwa katika "wingu", naye akadhani ni mahali pasipo mwenyewe, kama hewa. Si kweli. Kila kinachohifadhiwa huko kimo ndani ya kompyuta, na kompyuta hiyo imo ndani ya nyumba, na nyumba hiyo ina mwenyewe, pengine katika nchi ambayo hatutaiona maishani mwetu. Mwenye nyumba ana funguo zake, ana wafanyakazi wake, na ana makubaliano yake, ambayo wengi wetu tulibonyeza kuyakubali bila ya kuyasoma. Basi aliyeweka daftari lake mtandaoni ameliweka nyumbani kwa mtu. Huenda mtu huyo ni mwaminifu na mlango wake ni imara kuliko sanduku letu. Lakini ni nyumba ya mtu, wala si mbinguni.

Tena, amana hii inatofautiana na mbuzi kwa mambo matatu. La kwanza, mbuzi akiibiwa zizi huonekana tupu, na mwenyewe akapiga yowe. Ama habari ikiibiwa hubaki pale pale, kwa kuwa mwizi huchukua nakala, na mwenyewe akalala usingizi miezi mizima. La pili, mbuzi akipatikana hurudishwa. Ama habari ikishaenea hairudi, kama unga uliomwagwa penye upepo. La tatu, ufunguo ukipotea kitasa hubadilishwa. Ama alama ya kidole ikichukuliwa, ni nani awezaye kubadili kidole alichoumbiwa na Mola wake?

Sisi watu wa Kibondo na Kasulu tunayo sababu ya kuyafahamu haya kuliko wengi. Wilaya zetu zimeishi na madaftari ya majina. Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa ajili ya ndugu waliokimbia vita vya Kongo. Mwaka 2015 walipokuja wakimbizi wa Burundi kwa wingi, kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa tena. Kila aliyevuka aliandikwa jina, na kijiji, na watoto wake, na kwa sababu ya kuandikwa akapata chakula na turubali. Kisha ikaja zamu yetu sote. Kuanzia mwezi wa Mei 2019 mpaka tarehe 20 Januari 2020 tulipanga foleni kuweka alama za vidole ili laini zetu za simu zisizimwe. Na tangu msimu wa 2022 wakulima wetu wameandikishwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku: jina, simu na ukubwa wa shamba.

Hatusemi kwamba kuandikwa ni kubaya. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo ni ya 282 katika Suratul Baqara, ni aya inayoamrisha madeni yaandikwe, na mwandishi awe mwadilifu. Lakini tuzingatie vizuri. Aya hiyo hiyo inakataza madhara katika uandishi, na aya inayoifuata inamwamrisha aliyeaminiwa airejeshe amana na amche Mola wake. Basi kalamu na amana zimewekwa mahali pamoja. Anayeiruhusu kalamu akaisahau amana, ameshika nusu ya amri.

Na tutazame mfano mkubwa wa zama zetu. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, yenye makao yake Geneva, ina kazi njema ya kuwatafuta watu waliopotezana kwa vita: mama aliyepotezana na mwanawe, mfungwa asiyejulikana aliko, mtoto asiye na mlezi. Mwezi wa Januari 2022 Kamati hiyo ilitangaza kwamba wezi wa mtandao wameingia katika kompyuta zilizokuwa zikitunzwa na kampuni ya nje huko Uswisi, na kwamba wamezifikia habari za watu zaidi ya 515,000, zilizokusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60. Uchunguzi ulionyesha kwamba wezi waliingia tarehe 9 Novemba 2021 kwa kupitia ufa mmoja katika programu ambao ulikuwa haujazibwa kwa wakati, wala hawakugunduliwa mpaka tarehe 18 Januari. Siku 70, ndugu zangu! Siku 70 mgeni asiyealikwa yumo ndani ya ghala, na mlango kwa nje umefungwa.

Hatulitaji hili kwa kuwashutumu. Walioibiwa walisimama hadharani wakasema, "Tumeingiliwa," na huo ni uungwana ambao wafanyabiashara wengi hawanao. Tunalitaja ili tuone ni nani aliyeumizwa. Hakuwa tajiri mwenye akaunti. Walikuwa watu wa hali kama za wale tuliowaona wakivuka mipaka yetu na mabunda kichwani, ambao hawakubakiwa na mali yoyote ila jina lao na matumaini ya kuonana na jamaa zao, na jina hilo wakaliweka amana.

Wala asiseme mtu, "Jina langu litanidhuru nini?" Jirani zetu wa Rwanda, katika miaka ya 1930, waliandikwa kabila katika vitambulisho na serikali ya Kibelgiji. Aliyeandikwa hakujua kwamba neno lile litakaa katika kadi zaidi ya miaka 60. Mwaka 1994 kadi zile zilisomwa katika vizuizi vya barabara, na kwa neno moja lililoandikwa ndani yake watu wakauawa. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule ule, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, kaskazini yetu, kwa muda wa siku moja hivi. Wazee mnayakumbuka hayo. Neno huandikwa na mkono mmoja kwa kusudi moja, kisha husomwa na mkono mwingine kwa kusudi lingine. Ndiyo maana mwenye hekima haulizi tu, "Ni nani anayeniandika leo?" Huuliza pia, "Ni nani atakayelishika daftari hili kesho?"

Sasa turejee katika dini yetu, tuone kama inalo jawabu. Mtume wetu (S.A.W.) alipoazimia kuhama Makka, maadui waliotaka kumwua walikuwa bado wameweka amana zao kwake. Hakuzichukua wala hakuzitelekeza. Alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma, katika hatari, ili kila mwenye amana arejeshewe amana yake. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya adui, ni ipi haki ya mjane na yatima wa kijijini kwetu?

Na Mtume (S.A.W.) alitufundisha ya kwamba mtu akisema neno huku akigeuka kutazama kama yupo anayemsikia, basi neno hilo ni amana, hata kama hakusema, "Usimwambie mtu." Alipomwona mtu akichungulia chumbani kwake kwa tundu la mlango, alimkemea vikali, akabainisha ya kwamba kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya jicho. Basi haramu haikuanza pale mguu ulipoingia. Ilianza pale jicho lilipoingia. Anayefungua simu ya mwenziwe akasoma yaliyomo bila ya idhini, amechungulia kwa tundu la mlango, ijapokuwa amekaa sebuleni kwake.

Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamezipanga hukumu za amana kwa uwazi. Imamu Nawawi katika Minhaji ameeleza kwamba asiyeweza kuihifadhi amana ni haramu kwake kuipokea. Na mwenye uwezo lakini haiamini nafsi yake, ni karaha aipokee. Akishaipokea, humlazimu kuiweka katika hirzi, yaani mahali pa kuhifadhia panapolingana na kitu chenyewe. Dhahabu haifungwi zizini. Akiipitisha kwa mtu mwingine bila ya idhini wala udhuru, anadhamini. Akiitumia kwa faida yake, anadhamini. Akizembea katika kuilinda, anadhamini. Ama aliyeilinda kama ipasavyo, kisha ikamtoka kwa nguvu asizoziweza, huyo hana dhamana.

Zitazameni hukumu hizi, muone kama zimekosa kitu. Kampuni inayoomba habari ambazo haiwezi kuzilinda imepokea amana iliyo haramu kwake kuipokea. Anayeuza orodha ya wateja wake ameipitisha amana bila ya idhini. Karani anayechukua namba ya binti dirishani, jioni akampigia simu, ameitumia amana kwa matamanio yake. Na mwalimu anayeweka siri za yatima katika simu isiyo na kufuli ameiweka dhahabu zizini. Mwalimu huyo, ndugu zangu, tulikuwa sisi.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yetu na yenu na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, kwani Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Hotuba ya pili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kusitiri aibu za waja wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, elimu isiyofuatwa na amali ni mti usiozaa. Basi tunakuusieni mambo manne.

Kwanza, kila mwenye daftari alitazame upya. Mwalimu, imamu, mweka hazina wa kikundi cha akina mama, mwenye duka anayekopesha, wakala wa fedha za simu: ninyi nyote mnashika amana. Msiandike msichokihitaji, kwani kisichoandikwa hakiibiwi. Kilichokwisha kazi kifutwe. Kinachomhusu mmoja kisisomwe na kumi. Sisi chuoni kwetu tumeyatenga majina na maelezo, tumeyafuta ya pembeni, na hatuitumi tena orodha ya madeni. Mwalimu humwendea mzazi mlangoni pake. Nakala iliyobaki mtandaoni ina neno la siri linalojulikana na watu wawili tu. Na tuliwaendea wazazi mmoja mmoja kuwaomba waifute orodha ile katika simu zao. Wapo walioifuta mbele yetu, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

Pili, enyi wenye kuweka amana, mnao wajibu nanyi. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo atawakali. Namba ya siri ya fedha zako ni kamba ya ngamia wako. Usimpe wakala, wala anayekupigia simu akidai ni mtumishi wa kampuni, wala mjukuu anayekusaidia kusoma ujumbe. Mjukuu akusomee, kidole kibonyeze wewe. Ujumbe wa kitapeli upeleke namba 15040. Ukitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#, huenda ukaikuta laini usiyoijua, iliyoandikwa kwa kidole chako siku ulipoambiwa, "Rudia tena, mashine haijasoma."

Na tahadharini na mikopo ya haraka ya simu. Ziko programu ambazo kabla ya kukupa shilingi hukutaka ufungue daftari lote la majina yaliyomo simuni mwako, na siku ukichelewa huwatumia ujumbe mkweo, imamu wako na mwajiri wako kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzipiga marufuku programu 69 za namna hii zilizokuwa zikikopesha bila ya leseni. Riba peke yake ilitosha kutuweka mbali nazo. Lakini fahamuni pia kwamba mwenye kukubali sharti lile haweki rehani siri yake peke yake. Ameziweka rehani namba za watu ambao hawakumpa ruhusa.

Tatu, jueni haki zenu. Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 16, inaitambua faragha ya mtu na ya nyumba yake. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Kwa sheria hiyo, anayekusanya habari zako yampasa akueleze ni kwa kusudi gani. Nawe unayo haki ya kuziona, na kutaka zirekebishwe zikiwa na kosa. Habari za watoto, za miamala ya fedha na za alama za vidole zimepewa ulinzi wa zaidi. Basi kumwuliza karani kwa adabu, "Ndugu, unaitakia nini nakala ya kitambulisho changu?" si ukaidi wala si ujeuri. Ni haki, na Mwislamu hapaswi kuona haya kuidai.

Nne, na maneno haya ni kwenu, vijana wanafunzi. Anas bin Malik (R.A.) alipokuwa mtoto alitumwa na Mtume (S.A.W.) kwa haja fulani, akachelewa kurudi nyumbani. Mama yake alipomwuliza ni haja gani, akasema kwamba ni siri. Mama yule hakumkaripia wala hakumbembeleza aiseme; alimhimiza asiitoe siri ya Mtume kwa mtu yeyote. Anas akaitunza mpaka uzeeni. Enyi vijana, picha ya mwenzako uliyonayo simuni, sauti yake uliyoirekodi, maneno aliyokuandikia usiku akiwa na huzuni, yote hayo ni siri aliyokuwekea. Usiyatume kwa kuchekesha. Na ninyi wazazi, mfuateni mama wa Anas: mfundisheni mtoto kunyamaza panapostahiki, wala msimzoeze kuwa mpelelezi wa jirani.

Ndugu Waislamu, mama yule alituuliza, "Mtalifuta katika simu za nani?" Jawabu la kweli ni kwamba hatuwezi. Toba ya anayeiba mbuzi ina njia iliyo nyepesi: amrudishe. Toba ya anayemwaga siri ni nzito: ajute, aache, amtake radhi aliyedhulumiwa, kisha aishi akijua kwamba nakala ziko ulimwenguni asizoweza kuzikusanya. Kwa hiyo ulinzi wa amana hii ni kabla yake, si baada yake. Mtoto wa mama yule amerudi chuoni mwezi uliopita. Alikuja na mama yake, nao wakaingia kwa mlango wa mbele, watu wakiwatazama. Ushujaa ule ni wao; sisi hatuna sifa ndani yake.

Ewe Mola wetu, tusitirie aibu zetu duniani na Akhera, na utupe nyoyo za kusitiri aibu za wenzetu. Uwahifadhi wakimbizi na wasafiri, na uwakutanishe waliopotezana. Walinde mayatima na wajane, na utujaalie tuwe walinzi wao, tusiwe wenye kuwadhuru. Waongoze viongozi wetu katika uadilifu, na uitie nchi yetu amani na mvua ya kheri. Utughufirie sisi na wazazi wetu na Waislamu wote, waume kwa wake, walio hai na waliotangulia. Amin.

Inukeni kwa Sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.